Wadudu wa Dhahabu Katika Marando Yangu

Luchelele, Mwanza
18 Novemba 1995

Mama yangu mzazi,

Shikamoo Mama. Na Baba mfikishie shikamoo yake, na wote wa hapo nyumbani Malampaka wapokee salamu zangu, mkubwa kwa mdogo. Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako Bernadeta, ambaye sasa yuko darasa la kwanza na meno yake ya mbele yameota yote mawili, makubwa kama ya Baba. Nimesikia goti lako limepata nafuu tangu uanze kulichua kwa samli. Endelea hivyo hivyo, usimsikilize Malimi na dawa zake za dukani. Malimi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Soma taratibu, usiruke mstari, na pale nilipomsema mtu vibaya usimsafishie. Nataka Mama asikie kama nilivyoandika.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Masalu, yule utingo wa lori la pamba. Mengi umeandika, Mama, lakini swali ni moja: Pius yuko machimboni Geita huu mwaka wa pili hajarudi, mimi nakaa kwao nafanya nini. Umesema Baba yuko tayari kurudisha ng'ombe wa watu ili nirudi nyumbani na heshima yangu. Sikuchelewa kujibu kwa dharau, Mama. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila siwezi kukupa kabla sijakueleza habari ya bustani, na ya Winnie, na ya wadudu. Vumilia kidogo.

Wewe ulifika huku mara moja tu, siku ya harusi, na bustani ya Mama mkwe sidhani kama ulionyeshwa. Iko chini ya nyumba, kwenye tope la ziwa, pale matete yanapoishia. Kiangazi, mashamba ya juu yakishakuwa vumbi na marando ya viazi ya kila mtu yamekauka, pale chini marando yake hubaki mabichi. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, watu wanatoka Mkolani, wengine mpaka Buswelu huko, wanakuja kuomba mbegu. Hawanunui. Tangu hili soko huria liingie kila kitu huku kina bei, hata maji ya kisima cha jirani, lakini marando ya bustani ile hayauzwi na wala hanyimwi mtu. Mtu anapiga hodi, anapewa kiti, anaulizwa habari za kwao, kisha anakatiwa mzigo wake anaondoka. Akivuna anakumbuka kuleta kikapu cha michembe, viazi vikavu vile vya vipande, na hata asipoleta hakuna anayemuuliza.

Sasa nikuambie kwa nini naitaka. Mwanamke ambaye mumewe hayupo ni mgeni kwenye mji wa mumewe. Hakuna anayekutamkia, ila unaona mwenyewe. Kuku akichinjwa unapewa shingo. Likiamuliwa jambo la shamba unalisikia kwa watoto. Mwenye bustani ile hawezi kuwa mgeni, kwa sababu nusu ya Luchelele inapiga hodi kwake, na aliyewahi kukatiwa marando na mtu hamdharau njiani. Mama mkwe, bibi Ng'washi, mguu umemlemea, na siku za Pasaka alitutangazia kwamba mvua za mwaka huu zikianza bustani ataikabidhi kwa mkamwana mmoja. Wakamwana tuko wawili: mimi, mke wa mwanawe wa kwanza, na Winnie, mke wa Yakobo, mdogo wake Pius. Nilijua ni yangu. Miaka minane nimeinama naye kwenye tope lile, ruba wamenila miguu, huyo Winnie akiwa mjini anapaka wanja.

Winnie unamjua kwa jina tu. Yakobo alikuwa na kazi kiwandani mjini, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Wakaja hapa na kitanda cha futi sita, redio ya kaseti na watoto watatu. Mwanamke mwenyewe si mbaya wa sura, sitadanganya. Ana sauti laini, kila neno analimalizia na kicheko kidogo, na ananiita dada hata pale nisipomwitikia. Jembe analishika kama amekabidhiwa mtoto wa watu asiyemjua. Lakini tangu aje, Mama mkwe amehamia kwake. Hajahama kwa vitu, amehama kwa miguu. Jioni anajikongoja na fimbo yake mpaka jikoni kwa Winnie, anakaa huko, anakula huko. Ugali wangu aliousifu miaka yote ukaanza kulala. Na kila nikiingia kule, mazungumzo yanakatika. Winnie anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa, Mama mkwe ananiuliza kama mbuzi wamefungwa.

Mama, nilikuwa na wivu. Malimi, hapa usicheke. Nilikuwa na wivu wa kukosa usingizi na kukosa njaa. Nilikuwa nikisikia wanacheka kule jikoni najiuliza wanamcheka nani, na jibu nilikuwa nalo. Ana mume nyumbani, nikasema moyoni. Ana watoto watatu, ana redio, ana mama mkwe. Basi aniachie hata tope.

Kiangazi kilipoanza Mama mkwe alitupeleka bustanini, akaigawa katikati kwa kamba ya katani. Upande wa matete ukawa wangu, upande wa mawe wa Winnie. Akasema kila mmoja atunze wake mpaka mvua. Hakusema zaidi ya hapo. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Nikasema huu ni mtihani, atakayefikisha marando mabichi mpaka mvua ndiye atakayekabidhiwa.

Basi nikafanya kazi, Mama, kama niliyeajiriwa. Nilivaa fulana moja ya uchaguzi waliyotugawia, inanifika magotini, nikashinda pale chini mpaka jirani wakawa wananiuliza kama nimehamia. Sasa pembeni ya bustani, upande wa maji, kuna marando pori. Hayazai kiazi, yanatambaa tu juu ya matete na mawe, yana maua ya zambarau. Yalikuwepo upande wangu na upande wa Winnie. Mimi nikayang'oa yote. Sikubakiza hata mzizi. Nikayakusanya, nikayachoma, pembe yangu ikabaki nyeupe kama uwanja wa shule. Wapitao njia ya ziwani walisimama kunisifu. Winnie hakugusa ya kwake. Nilimuuliza, kwa sauti ili na wengine wasikie, kama anataka kumpikia Yakobo maua. Akacheka kile kicheko chake, akasema watoto wanayapenda. Nikaondoka nimefurahi. Nikajua ameshaanguka mtihani.

Haikupita muda nikaanza kuwaona wadudu. Mama, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kinachotambaa. Ukubwa wake kifungo cha shati, mgongo umefunika miguu na kichwa kama wa kobe, na anang'aa dhahabu tupu, si rangi ya kufanana na dhahabu, ni dhahabu yenyewe, ukimsogelea unakaribia kuona uso wako. Watoto wa Winnie walikuwa wanajibandika masikioni wanasema ni hereni. Na mimi niliwapenda. Nikawaweka watatu kwenye kiberiti ili Masalu akuletee ukaone. Asubuhi nikafungua. Walikuwa wamekufa, na dhahabu yote imekwisha, wamebaki rangi ya tumbaku. Nikawamwaga. Nilijiuliza kama ile anayoitafuta Pius nayo iko hivi.

Baada ya hapo uzuri wao ukanitoka machoni. Majani yangu yakaanza kutoboka matundu ya mviringo, leo machache, kesho mengi, mwishowe ukilishika jani ukalielekeza kwenye jua ni chekeche. Na watoto wao ni wabaya kuliko wazazi. Ni vidudu vyeusi vyenye miiba, vimejibebesha mavi yao na ngozi walizojivua juu ya mgongo kama mwavuli, ukimgusa anakuinulia ule uchafu. Niliwaokota kwa mkono mpaka kucha zikawa kijani. Nilimwaga majivu ya jikoni, nikamaliza ya kwangu nikaenda kuomba ya majirani. Nilipata chupa ya dawa ya pamba, Mama mkwe akaniambia nikithubutu kuifungua pale watu wanapochota maji na kuchuma matembele, nitafute pa kulala. Nikaona nikate marando yote mafupi yachipue upya. Yakachipua. Wakala machipukizi. Jua lile la Septemba likapiga mashina yaliyobaki bila hata jani la kujifunika, yakaanza kukauka moja baada ya jingine.

Hayo yote ningeyavumilia, Mama, kama na upande wa Winnie ungekuwa hivyo. Upande wa Winnie ulikuwa kijani. Kamba ile ya katani ndiyo ilikuwa mpaka, huku kwangu vijiti, kule kwake majani mapana yanayofunika udongo. Na yeye hana alichofanya. Anashuka kuchelewa, anamwagia vindoo viwili, anachuma matembele ya mboga, anarudi zake nyumbani. Wale wale walionisifu sasa wanasimama upande wake. Mama mkwe aliteremka siku moja na fimbo yake, akatazama kwangu, akatazama kwa Winnie, akasema marando haya yatatosha watu. Nilimwangalia Winnie alivyotabasamu, nikatamani ateleze kwenye tope mbele ya watu na lile gauni lake.

Nikaanza kuwaza vibaya. Wadudu hawana macho ya kusoma kamba. Kama wanakula kwangu na hawali kwake, basi kuna aliyewatuma. Na kama kuna aliyewatuma, ni yule anayefaidika. Nikamwangalia akiongea na watoto wake nikaona ananisema. Nikamwona Mama mkwe akimnong'oneza nikaona wanapanga. Bernadeta akaniambia mama mdogo Winnie amempa andazi, nikamwambia akalitupe. Mtoto akalia, mimi nikalitupa mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Jumapili moja walipokwenda kanisani nilibaki, nikasema tumbo linauma. Nikashuka bustanini, nikavuka kamba. Nilitaka nione anaficha nini. Marando yake nikayapekua jani kwa jani, mdudu hamna, pengine mmoja mmoja. Nikaenda mpaka pembeni kwenye yale marando pori aliyoyaacha, na pale, Mama, nikakuta mji wao. Kila jani limetobolewa, dhahabu imetapakaa huku na huku, wakubwa wamepandana, vidogo na miavuli yao, mayai yamegandishwa chini ya majani kama karatasi. Nikasema leo nimekupata. Anawafuga. Kumbe hayo maua ya watoto ni zizi, anawakuza hapa kisha anawavusha kwangu.

Nikavunja tawi refu lenye wadudu wengi kadiri nilivyoweza, nikapanda nalo mpaka uani kwa Mama mkwe, nikasimama nalo hapo nikiwasubiri kama askari. Walipotokea, Winnie na kitambaa chake cha kichwa, Yakobo na Biblia kwapani, watoto nyuma, na Mama mkwe akitoka ndani kwa kusikia makelele yangu, maana nilianza kabla hawajafika, nikawaonyesha tawi. Nikamwambia Winnie mbele ya mumewe kwamba mbinu zake nimezijua, kwamba anafuga wadudu ili anikaushie marando, aje akabidhiwe bustani ambayo hata jembe lake hajui kulishika.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, kwa mshangao kabisa, kuwafuga vipi. Akasema wadudu hao wako pale pembeni tangu aolewe, na mama mkwe wake naye aliwakuta, na hakuna aliyewahi kuwahangaikia kwa sababu wanakula marando pori na hawana shida na mtu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyang'oa, si kwa akili yoyote, ila alikuwa anaona uvivu. Yakobo akaniuliza, kwa upole, ya upande wangu yako wapi.

Nikafungua mdomo nijibu kwamba nimeyachoma. Nilielewa pale pale, mbele ya watu, nimeshika tawi mkononi na mdudu mmoja ameshaanza kunipanda kwenye mkono wa fulana. Niliwachomea chakula chao chote, wakahamia kwenye kinachofanana nacho kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa changu. Wa Winnie hawakuwa na sababu ya kuhama, sahani yao imejaa. Uvivu wake ndio uliomponya, na bidii yangu ndiyo iliyonimaliza.

Ungedhani hapo ningenyamaza. Sikunyamaza, Mama, ndiyo kwanza nikapandisha sauti. Aibu ikanigeukia hasira. Nikamwambia Winnie kwamba sawa, wadudu hakuwatuma, lakini kila kingine amekichukua. Nikamwambia ana mume anayelala ndani, ana watoto watatu, amenipora mama mkwe, amenipora na majirani, na bado roho yake haijatosheka mpaka achukue na kile kipande cha tope ambacho ndicho peke yake kinachonifanya niitwe mtu kwenye mji huu. Nikamwambia mimi nikikosa bustani ile sina tena sababu ya kuwa hapa.

Ndipo Winnie akalia. Nilitegemea alie, sikutegemea alichosema. Alisema bustani haitaki na hajawahi kuitaka, kwamba tangu Pasaka alishamwambia Mama mkwe ampe dada Evelina yote, na kwamba hata nusu yake alikuwa anaitunza tu kusaidia mguu wa mama. Nikamuuliza nani alimtuma anihurumie, na ananihurumia kwa lipi. Yakobo akatazama viatu vyake. Nikauliza tena, na safari hii niliuliza polepole, kwa sababu niliona hakuna aliyekuwa na hasira.

Malimi, simama hapa. Angalia kama Baba yupo karibu. Kama yupo, mwombe akaangalie ng'ombe kwanza, halafu ndiyo umsomee Mama.

Mama, Pius ameoa Geita. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, amekaa kwenye kigoda chake, ameshika fimbo kwa mikono miwili, hakunitazama. Wana mtoto wa kiume na mtoto ameshaanza kutembea. Yakobo aliwaona kwa macho yake alipokwenda machimboni kutafuta kibarua siku za Pasaka, akarudi na habari, na tangu siku hiyo wanaizungumza jikoni kwa Winnie kwa sababu kwangu haiwezekani. Ndiyo sababu nikiingia walikuwa wanakatiza. Mama mkwe alisema aliogopa nikijua nitamchukua Bernadeta niondoke, na alitaka kwanza anikabidhi bustani mbele ya watu, ili mwanawe atakapokuja na mtu wake asinikute nimekaa bure. Mpango huo Winnie ndiye aliyemshauri. Huyo Winnie, mwenye jembe la kupakata.

Mimi nilimaliza kiangazi kizima nikimwonea wivu mwanamke asiyenichukulia kitu, na aliyenichukulia simjui hata jina. Nililiuliza jina lake, nikaambiwa, sitaliandika hapa. Nilishika lile tawi mpaka Bernadeta akaja kunibandua vidole kimoja kimoja.

Sikutoka nje siku kadhaa. Sikulia sana, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nafikiri juu ya huyo mwanamke, ana nywele namna gani, anapika nini, anamwitaje. Nikamfikiria mtoto wa kiume, nikamwangalia Bernadeta wangu amelala, nikaona uchungu ambao siwezi kuuandika na Malimi anasoma. Nikataka kuja nyumbani. Kanga zangu nilishazikunja. Barua hii ingekuwa fupi, ningekuandikia tu uniandalie pa kulala.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha mchana kutwa, na ilipokatika nikasikia hodi. Alikuwa Winnie, amelowa, amejitwika mzigo wa marando kichwani mpaka macho hayaonekani, yamekatwa vizuri, yamefungwa kwa kamba ile ile ya katani iliyokuwa mpaka wetu. Ameing'oa. Akautua mlangoni, akasema ni ya upande wa matete, tuyapande kabla jua halijarudi. Sasa huku kwetu, Mama, kuna desturi ya marando: anayepewa hashukuru. Ukisema asante mbegu haishiki, inaoza ardhini. Unapokea, unanyamaza, unaondoka. Sijawahi kuipenda desturi yoyote ya watu hawa kama nilivyoipenda hiyo siku ile, kwa sababu asante kwa Winnie isingetoka. Nilipokea, nikanyamaza, nikavaa fulana yangu tukashuka.

Tulipanda mpaka jioni. Usifikiri nimempenda. Yule mwanamke nilimtukana mbele ya mumewe akaja na mbegu kichwani, na nikimtazama naona wivu upya, sasa namwonea wivu ule moyo wake. Mimi mwenyewe nisingempelekea hata kijiti. Nilimwambia tu kwamba jembe analishika vibaya, nikamwonyesha mahali pa kuweka mkono. Akacheka kile kicheko. Marando pori yaliyobaki upande wake sijayagusa, na pembe yangu nimechomeka vipande vyake vichache, wadudu wale warudi kwao.

Juzi Mama mkwe alinikabidhi. Aliwaita Yakobo na majirani na mzee mmoja wa ukoo, akasema bustani yote, matete na mawe, ni ya Evelina, iwe Pius yupo au hayupo, na atakayeitaka aanze kwa kumuuliza yeye kaburini. Tangu siku hiyo hodi zinapigwa kwangu. Jana pekee walikuja wanawake watatu kutoka Mkolani, wakakaa, nikawauliza habari za kwao, nikawakatia. Mmoja aliniita Mama mwenye marando.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Mama. Sirudi. Mwambie Baba, na Malimi umwambie vizuri bila kumtia presha, kwamba ng'ombe wale asiwatenge. Sibaki kwa ajili ya Pius, akija nitamwonyesha chumba cha wageni. Ninabaki kwa sababu nina changu, na cha Bernadeta baada yangu, na sitakiacha mtu mwingine akikute kitupu.

Wanakuja Krismasi. Pius amemtumia Yakobo salamu kwamba machimbo hayalipi tena, anarudi kulima, pamoja na mwanamke wake na mtoto. Mwanamke huyo atahitaji kula. Atapewa kishamba huko juu, na shamba la viazi huku haliwezi kuanza bila mwenyewe kuja mlangoni kwangu. Atapiga hodi. Nitampa kiti, nitamuuliza habari za kwao kama ninavyowauliza wote, nitamkatia marando mazuri, yale ya Winnie yenye afya, mzigo wa kutosha. Bustani ile haimnyimi mtu na sitaanza mimi. Lakini yeye ametoka mbali, Mama, desturi zetu hazijui. Atakaponyanyua mzigo wake akageuka mlangoni, akafungua mdomo kuniambia asante, mimi sitamkataza.

Nisalimie shangazi na watoto wake wote, na majirani wa upande wa reli. Goti usiliache bila samli usiku wa baridi. Masalu akipita tena na lori nitakutumia michembe kikapu kizima, ya mwaka jana ila haijaingia wadudu. Bernadeta amekaa hapa ubavuni kwangu, anasema niandike kwamba anakupenda na kwamba yeye ndiye aliyechora hicho kitu pembeni ya karatasi. Ni kobe, anasema.

Ni mimi mwanao, nikiwa mzima wa mwili,

Evelina